Pua ya Kwetu

Nyacheki,
12 Februari 2024

Ndugu yangu Job,

Mbuya mono? Huku hatujambo. Mume wangu Ondieki anakusalimu. Yuko shambani na wachumaji, maana chai imeitika tangu mvua ya juma lililopita. Binti yetu Bochaberi amerudi bweni akiburuta sanduku zito kuliko yeye mwenyewe. Mwambie mkeo Jacinta kwamba zile mbegu za mboga ya chinsaga alizonipa zimeota vizuri hadi majirani wananiibia majani.

Nimeona simu zako zote ambazo sikushika. Usinune. Unajua sauti yangu inavyotoka siku hizi: hewa yote inapitia pale palipokuwa na pua, na kwenye simu mtu anasikia upepo tu. Mara ya mwisho uliuliza "Nani? Nani?" mpaka nikakata. Ujumbe wa simu nao unasomwa na watoto wa boma zima kabla yangu. Kwa hiyo tuandikiane kama zamani nilipokuwa chuo cha ualimu. Nitampa dereva wa Kisii bahasha, nawe ufanye vivyo hivyo.

Sasa keti kwanza.

Ile pua ya kubandika kwa gundi niliyopewa baada ya kukatwa ya kwangu kwa saratani, unaijua. Ngozi iliyopigwa mionzi haipendi gundi. Inachubuka, inatoa maji, na jua likiwaka kidogo jasho linaingia chini yake, pua inaanza safari. Mwaka jana iliteleza nikiwa naandika ubaoni. Gredi ya nne wote waliiona. Tangu siku hiyo nafunika uso kwa barakoa, na mwalimu mkuu amenipa kazi ya stoo ya vitabu. Alinihamisha kwa upole, lakini stoo ni stoo.

Juma lililopita daktari wangu kule Nairobi aliniambia kuna njia nyingine. Wanapanda skrubu ndogo za titani ndani ya mfupa wa uso. Mfupa unakua polepole ukizikumbatia, kama mti unavyomeza waya wa ua. Baadaye wanatengeneza pua ya silikoni yenye sumaku. Sumaku, Job! Jioni unaivua na kuiosha, asubuhi unaisogeza usoni na yenyewe inaruka mahali pake: tak! Gundi hakuna.

Alisema pia kwamba mfupa uliopigwa mionzi huwa mvivu na unaweza kuzikataa skrubu. Nilimsikia. Lakini nikuambie ukweli, nilisikia zaidi hiyo "tak".

Nitaingia chumba cha upasuaji mwishoni mwa Machi. Niombee, na usimwambie mtu.

Dada yako,
Persis

*

Keroka,
20 Februari 2024

Kwa dada yangu na mwalimu wangu Persis,

Salamu nyingi kutoka kwangu na Jacinta, ambaye anasema waache majirani waibe, chinsaga ya kuibwa ndiyo tamu. Duka linaendelea. Watu wa Keroka wanajenga kama wameambiwa mabati yanaisha duniani. Ndizi uliyotuma imefika yote, hata moja haikupondeka.

Dada! Nimesoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama katikati ya duka na mteja ananingoja na misumari mkononi. Mimi nimeuza skrubu tangu nioe. Nimeuza za mbao, za mabati, za vitasa, za jeneza. Ya pua sijawahi kuulizwa! Hiyo titani haishiki kutu? Ukipita karibu na geti la chuma, pua itabaki huko? Ukiinama kuchuma chai haitaanguka? Muulize daktari, na uniandikie majibu yote, usiache hata moja.

Jana nilichukua sumaku ya spika ya redio mbovu nikaiweka kwenye pua yangu mbele ya kioo. Jacinta akaniuliza kama niko mzima.

Kuna jambo moja tu. Je, ni lazima walete kisu tena usoni mwako? Ile mara ya kwanza, tulipokaa nje ya mlango ule mchana kutwa, mimi na Ondieki... Hapana, tuache hiyo habari. Hii ni nyingine. Hii ni njema!

Nakuombea asubuhi na jioni.

Ndugu yako,
Job

*

Nyacheki,
16 Aprili 2024

Mpendwa Job,

Ni mimi, niko hai, na ninaandika nikiwa nimeketi kwangu mlangoni. Ondieki amenikataza hata kuinua sufuria. Anapika ugali mwenyewe, na hiyo obokima yake ina madonge kama mawe ya mtoni, ila namezea tu. Mvua imezidi, barabara ya kwenda kituo cha kununulia chai imekatika, na majani mengine yameharibika njiani.

Kwanza masahihisho: ndizi *zimefika zote*. Ningekuwa na kalamu nyekundu karibu ungeiona barua yako.

Sasa habari. Wamepanda skrubu tatu. Mbili ziko chini, pale sakafu ya pua ilipokuwa, na ya tatu juu, katikati ya nyusi. Nilikuwa nimelala sikusikia kitu. Nilipoamka daktari aliinama akaniambia, "Mwalimu, zimeingia. Sasa kazi imebaki ya mfupa wako." Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono midogo kama ya msichana, na hasemi neno la ziada. Nilitaka kumkumbatia lakini uso wote ulikuwa bandeji.

Majibu yako: titani haishiki kutu. Geti la chuma halitaninyang'anya pua. Nikiinama haitaanguka, ila nikikumbatiana na mtu kwa fujo huenda ikasogea, kwa hiyo wewe utanisalimia kwa mkono.

Skrubu zimefunikwa chini ya ngozi na hazionekani. Mfupa wa mtu mwingine ungechukua miezi michache, lakini wangu ulipigwa mionzi, kwa hiyo hadi Novemba au Desemba. Nikiwa peke yangu nabonyeza kwa kidole pale kati ya nyusi, nasema moyoni, shika, shika.

Nimekwisha kuanza kufikiria nitakavyoingia darasani. Nitaingia bila barakoa, niandike tarehe ubaoni, niseme, "Fungueni ukurasa wa kwanza." Basi. Kama mwalimu yeyote.

Dada yako,
Persis

*

Keroka,
20 Agosti 2024

Dada mpendwa,

Salamu kutoka nyumba yote. Jacinta amenunua ng'ombe wa maziwa ambaye anampiga teke kila mtu isipokuwa yeye. Mimi niko salama, ndizi zako *zimefika zote* (umeona?), na duka liko vile vile.

Sasa usikasirike mpaka umalize ukurasa huu.

Sabato iliyopita mchungaji alinipa nafasi ya matangazo. Unajua mimi ni shemasi na mimi ndiye mshereheshaji wa harusi zote za hapa; nikipewa kipaza sauti mdomo unakuwa wa mtu mwingine. Nilianza na mkutano wa akina baba, nikaenda kwenye paa la jikoni, halafu nikajisikia nasema: "Ndugu zangu, dada yangu Persis, ambaye mlimwombea wakati wa saratani, amepandwa skrubu usoni, na Desemba atakuja hapa na pua mpya!"

Dada, kanisa lilisimama! Mama mmoja alipiga kigelegele mpaka watoto wa chumba cha pili wakatoka kuangalia. Kwaya imeahidi nyimbo. Mwenye mahema amesema tuchukue yote mawili. Tumepanga Jumapili ya pili ya Desemba, shukrani kubwa, hapa nyumbani kwangu, na watu wa Nyacheki wote wanakaribishwa. Mimi nitaendesha sherehe, bila shaka.

Najua ulisema nisimwambie mtu. Lakini hiyo ilikuwa Februari! Sasa skrubu ziko ndani. Habari njema kama hii inakaaje kwenye kifua cha mtu mmoja?

Jacinta anasema nimefanya vibaya. Nakuachia wewe uamue.

Ndugu yako mwenye furaha kupita kiasi,
Job

*

Nyacheki,
30 Septemba 2024

Mpendwa Job,

Natumaini hamjambo. Sisi tuko. Ondieki alishikwa na kikohozi lakini kimepungua. Chai bado inatoka, ila wachumaji wawili wamekwenda Sotik. Bochaberi aliandika kuuliza kama unaweza kumtafutia tochi yenye nguvu. Mvua ya mawe ilipita upande wa juu ikaangusha migomba ya jirani, yetu ilisalimika.

Stoo ya vitabu ina panya. Nimeomba paka.

Kuhusu sherehe, tutaongea.

Persis

*

Keroka,
14 Oktoba 2024

Dada,

Salamu. Tochi nimetuma, ina mwanga wa kumfukuza chui. Jacinta hajambo, ng'ombe hajambo, mguu wangu tu ndio una alama za kwato.

Nilianza kukuandikia habari za mahema, na za sare ya kwaya, ambayo wamechagua rangi ya zambarau. Nikajaza ukurasa mzima. Halafu nikatoa barua yako ya mwezi uliopita nione kama kuna swali sijajibu, nikaisoma polepole vile ulivyonifundisha, nikatupa ule ukurasa.

Umeandika kikohozi, chai, Sotik, tochi, mvua ya mawe, migomba, panya. Hakuna skrubu hata moja ndani ya barua hiyo. Wewe ambaye Aprili uliniandikia mpaka ukubwa wa mikono ya daktari!

Mimi ni mtu wa kelele lakini si mjinga. Nini kimetokea?

Job

*

Nyacheki,
21 Oktoba 2024

Job,

Salamu kwa Jacinta.

Ile ya juu imekataa. Nilikwenda kupimwa katikati ya Septemba. Daktari alifungua ngozi kidogo kwa ganzi, akaishika kwa vidole na ikatoka. Hakuivuta. Ilitoka kama jino la mtoto lililokuwa tayari kuanguka. Akaiweka kwenye kibakuli, nikaisikia inalia ndani yake.

Hawezi kupanda nyingine pale. Mfupa wa pale ulipigwa mionzi zaidi, na ukiuchokoza tena unaweza kuoza, na mfupa wa uso ukioza, mambo hayawi ya pua tena. Zimebaki mbili za chini. Anasema mbili zinaweza kutosha akiziunganisha kwa kijichuma. Lakini hakuzigusa. Alizifunika, akasema tuzipe muda hadi Machi. Zikikataa na hizo, basi. Nitarudi kwenye gundi na barakoa, au barakoa peke yake.

Niliporudi nyumbani siku ile barua yako ya mahema bado ilikuwa mezani. Ningekuandikia nini? Watu wamekwisha kusimama kanisani. Kigelegele kimekwisha kupigwa. Nilijiona kama niliyewalia watu chakula chao.

Nilikuomba jambo moja tu, Job. Pua ilikatwa mbele ya macho ya watu wote. Kila mtu wa huku anajua, wanaonihurumia na wanaogeuza uso. Hii ya skrubu ilikuwa ndiyo habari ya kwanza kuhusu uso wangu ambayo ilikuwa yangu mwenyewe. Uliichukua ukaifanya tangazo.

Sijui nitakuandikia lini.

Persis

*

Keroka,
4 Novemba 2024

Dada yangu Persis,

Sitaandika salamu ndefu. Wote wako salama.

Sabato iliyopita niliomba kipaza sauti. Mchungaji alidhani ni tangazo la sare. Nikasema, "Ndugu zangu, Desemba hakuna sherehe. Niliwatangazia jambo ambalo halikuwa langu, na sikuwa nimetumwa. Msimuulize dada yangu. Niulizeni mimi." Yule mama wa kigelegele akainua mkono: "Shemasi, kwani pua imekataa?" Nikamwambia sijui. Akauliza itakuwa lini. Nikamwambia sijui. Nadhani ni mara ya kwanza Keroka kunisikia nikisema hilo neno mara mbili. Nikarudisha kipaza sauti nikaenda kukaa nyuma.

Mahema nimerudisha. Kwaya wamebaki na zambarau yao.

Nataka nikuambie lile jambo nililoliacha katika barua yangu ya kwanza. Siku ile ya upasuaji wa saratani mlango ulifunguka, nesi akapita haraka bila kututazama, halafu mwingine, halafu daktari akaita damu. Ondieki alishika benchi. Mimi nilianza kupanga kichwani nitakavyomwambia Bochaberi. Nilipanga maneno kabisa, Persis, sentensi kwa sentensi, nikiwa na hakika umeondoka. Kisha wakatuambia uko hai. Tangu siku hiyo habari yako yoyote njema naikimbilia kama mtu anayekimbilia gari, naogopa ikiniacha haitarudi. Hiyo si sababu ya kunisamehe. Nimeeleza tu.

Nina ombi. Machi niende nawe. Nitabeba mkoba. Sitaongea.

Job

*

Nyacheki,
18 Januari 2025

Mpendwa Job,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi ilikuwa ya kimya na nzuri. Bochaberi alipika, kwa hiyo tulikula. Ondieki amepanda miche ya parachichi pale chini kwenye mteremko na anaitembelea kila asubuhi kama wagonjwa. Msalimu Jacinta, na umwambie ng'ombe amfundishe adabu mumewe.

Nilikasirika miezi miwili, na hasira imekwisha yenyewe. Nilimuuliza Ondieki kuhusu lile benchi. Alitoka nje akakaa na parachichi zake.

Utakuja nami. Masharti ni haya: usimwambie mtu yeyote, hata Jacinta. Yeye nitamwambia mimi siku ikifika, kwa mdomo wangu. Mwambie tu unanisindikiza hospitali. Wakiuliza, umekwisha kujifunza neno la kusema.

Jambo la pili litakufurahisha mno na ndiyo maana nakuonya kabla. Pale hospitali kuna kijana aitwaye Lewis, fundi wa viungo bandia vya uso. Ameomba picha za pua yangu ya zamani. Nilimpelekea ile ya harusi, lakini jua lilikuwa nyuma yetu na pua imetoka kama kivuli. Akauliza kama nina ndugu mwenye pua ya namna ile. Nikamwambia ninaye mmoja, tumeirithi sote kwa baba, ila hiyo nyingine imeshikana na mdomo.

Atachukua umbo lake kwa plasta, kisha ataipunguza iwe ya mwanamke. Kwa hiyo skrubu zikishika, nitavaa pua yako.

Tarehe 12 Machi. Usichelewe.

Persis

*

Keroka,
24 Machi 2025

Dada!

Salamu, salamu, wote wazima, tuendelee.

Umenikataza kumsimulia mtu, na mimi nitapasuka. Kwa hiyo nakusimulia wewe uliyekuwepo. Vumilia. Ukichoka, ruka ukurasa.

Uliketi kwenye kile kiti, macho umefumba. Mimi nilisimama kando na mkoba wako, nimekaza meno. Daktari akafungua ile ngozi, akachukua kijichuma chembamba chenye mpini. Akatuambia: akigonga, skrubu iliyoshikwa na mfupa italia kwa sauti kali, kama kengele ndogo. Ambayo haijashikwa inalia butu, kama kugonga ubao. Nilielewa mara moja, maana dukani ninagonga bomba hivyo hivyo kujua kama limepasuka, lakini sikusema. Nilikuwa nimeahidi!

Akagonga ya kushoto. *Ting!*

Nyasae, Mungu wangu! Ulifumbua jicho moja. Daktari hakusema kitu. Akagonga tena: ting. Akahamia ya kulia, halafu simu ya mtu ikalia mezani akasimama kuizima, na mimi nikataka kuirusha dirishani hiyo simu. Akarudi. Akagonga.

*Ting!*

Nawe ukasema, "Rudia." Akarudia. "Rudia tena." Akarudia, na nikamwona daktari asiye na maneno anacheka, anajifuta macho begani kwa ujanja. "Zimeshika, mwalimu," akasema. "Zimeshika kama zilizaliwa humo." Ukanitazama. Dada, hujanitazama hivyo tangu tukiwa watoto. Nami nikashika ahadi yangu, nikakaa kimya, isipokuwa zile kelele za kulia ambazo si maneno.

Halafu Lewis akanilaza, akanipaka mafuta, akaniwekea mirija miwili ya kupumulia na kunimwagia ule uji baridi. Nilikaa pale nikifikiria: siku moja pua hii itafundisha Kiswahili sanifu. Hiyo hiyo iliyokuwa ikipata sifuri kwenye ngeli!

Sasa huku nyumbani hali ni mbaya. Siongei. Nikifungua mdomo naogopa itatoka yenyewe, kwa hiyo naufunga. Kanisani nimekataa kipaza sauti. Jana Jacinta alinipima joto. Leo asubuhi ameniuliza, "Job, kuna mwanamke?" Nikamwambia ndiyo, yuko Nyacheki, ni dada yangu, na zaidi ya hapo sijui. Akaniongezea mayai.

Fanya haraka. Siwezi kuishi hivi.

Ndugu yako,
Job

*

Nyacheki,
15 Juni 2025

Mpendwa wangu Job,

Hatujambo, hatujambo kabisa! Ondieki anakusalimu na parachichi zake zinakusalimu. Bochaberi yuko nyumbani, ananizunguka kama kuku mwenye vifaranga. Jacinta nimekwisha kumpigia leo asubuhi, akanielewa kila neno. Bila shaka umesikia alivyopiga kelele. Umeachiliwa. Tangaza. Panda juu ya mabati yako utangaze!

Usinune kwamba nilikwenda peke yangu mara hii. Nilitaka kukutana nayo tukiwa wawili tu.

Lewis alinikalisha dirishani penye mwanga wa mchana. Pua ilikuwa tayari ina umbo lakini ilikuwa ya rangi moja, kama ya mwanasesere. Akachukua brashi nyembamba akaanza kuipaka, akitazama shavu langu, akirudi, akitazama tena. Kahawia, nyekundu kidogo, weusi kidogo pembeni pale jua hunichoma nikichuma chai. Akaweka hata vidoa viwili. Nikamuuliza kwa nini anachafua kitu kipya. Akasema, "Mama, uso safi sana hakuna anayeuamini."

Kisha akanipa mkononi. Ilikuwa nyepesi na laini, joto la kiganja changu likaiingia. Akasema niiweke mwenyewe. Nikaisogeza, ikanichomoka vidoleni.

Tak.

Nilikaa na kioo kifuani nikiwa nimekigeuza upande wa nyuma. Lewis alikwenda akaosha brashi zake, akaziosha tena. Nilipokigeuza, Job, sikumwona Persis wa zamani. Niliona dada yetu ambaye hatukuwa naye: pua ya baba, macho yangu, na uzee kidogo. Nikamsalimia kwa sauti, na sauti ikatoka nzima kama ya mtu.

Mwalimu mkuu amenirudishia gredi ya nne kuanzia muhula ujao. Watoto wataniuliza inashikwa na nini, nami nitawaletea sumaku na misumari kutoka dukani kwako tufanye somo zima. Sitaki wanong'one.

Sasa kosa langu. Nikirudi kutoka Nairobi gari lilipita Keroka, likasimama dakika chache kushusha abiria. Nilikuona. Ulikuwa nje ya duka ukimpimia mtu misumari, umeinama, umefunga mdomo wako kwa uaminifu hadi nikakuonea huruma. Sikushuka. Nisamehe. Wewe ungenitazama. Ondieki angenitazama, Jacinta angenitazama, mngenitazama kwa mapenzi yote, mkitafuta pale silikoni inapoishia na mimi ninapoanzia. Nilitaka kwanza watu wasiokuwa na chochote cha kutafuta.

Nikaenda mpaka Kisii mjini, na badala ya gari la kwetu nikachukua la Mosocho. Mosocho simjui mtu. Ilikuwa siku ya soko. Nilishuka, nikavua barakoa, nikaitia ndani ya mkoba na kufunga zipu. Nikaanza kutembea.

Nilipita kwenye viazi. Nilipita kwenye nguo za mitumba, mahali wanapoita watu kwa kelele, na kijana mmoja akanirushia sketi mkononi, "Mama, hii ni saizi yako!" kisha akamgeukia mwingine. Nilipita mbele ya wazee waliokaa wakisubiri kinyozi, wakaendelea na siasa zao. Msichana aliyebeba debe alinikanyaga, akasema pole bila kuinua macho. Nilizunguka soko zima, Job. Nikazunguka tena kwa upande mwingine, polepole, uso juu, katikati kabisa ya watu.

Hakuna aliyenitazama. Hakuna hata mmoja!

Mwishowe nikasimama mbele ya mwanamke anayeuza ndizi. Nilikuwa nimesahau nimesimama. Nilikuwa natabasamu tu kama mtu aliyerukwa na akili. Akaniangalia usoni, moja kwa moja, kwa muda mrefu. Nikashika zipu ya mkoba.

Akasema, "Mama, unanunua au hununui? Songa huko basi, unanizibia wateja."

Nikasonga. Nilisonga nikicheka mpaka nikalazimika kushika nguzo ya kibanda, na bado alikuwa ananigombeza.

Dada yako,
Persis